Yasmin wa kitabuni, Yasmin wa filamuni

Riwaya ya Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi niliisoma kidato cha tano, nakala moja tukigombea watu wanne, jalada limeshikiliwa na selotepu. Kwa hiyo filamu ya Amil Shivji ya 2021 niliingia kuitazama roho juu. Je, Yasmin wangu wangemharibu?

Hawakumharibu. Ikhlas Gafur Vora hahitaji maneno mengi. Macho tu yanakuonyesha binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mwanamume mzee anavyokosa pumzi. Akiwa na Denge, mpinzani wa Mwingereza katika Zanzibar ya miaka ya 1950, mapenzi yanakwenda polepole, kwa kuibia ibia, nami nikajikuta nimeng'ang'ania mkono wa kiti. Na Mwajuma, rafiki yake Yasmin, jamani! Siti Amina ni mwimbaji wa taarabu kweli, basi akifungua mdomo huoni uigizaji, unaona mtu yuko kwake.

Lawama yangu ni moja: asiyesoma kitabu atapata tabu kuzielewa siasa za Denge na wenzake. Wangeongeza nusu saa ningekaa. Nimeshairudia mara mbili, na ya pili nilifumba macho kidogo nisikilize Kiswahili tu.