Laptopu ya kuingia mtandao wa ofisi kwa kidole: ununue ipi Lubumbashi?

Mhasibu wa ofisi moja ninayoihudumia katikati ya mji alifungiwa akaunti mara tatu katika wiki moja. Nywila hakuisahau. Mashini yake ni ya okazioni (iliyokwisha kutumika), imepitia Dubai, kibodi yake QWERTY, ya Kiingereza, na vidole vyake vimezoea AZERTY, ya Kifaransa, tangu shule. Akitaka A inatoka Q, alama ya mshangao haionekani ilipo, seva inahesabu makosa, mwisho inamfungia. Siku alipoona mwenzake anagusa kidole tu na kuingia, aliniambia: "Papa, utuuzie shiye bote ile ya kidole." (Shiye bote ni sisi wote. Kwetu kuuza ndiyo kununua, mwenye duka anauzisha.)

Nikaenda kununua, nikakosea. Nilileta mashini nzuri yenye kisomaji kizuri cha kidole, kumbe Windows yake ni toleo la Home, na Home haijiungi na domeni ya ofisi (kundi la kompyuta na akaunti linaloongozwa na seva) hata uifanyie nini. Inatakiwa Pro. Hilo linaonekana kwenye mipangilio kwa nusu dakika, nami sikuangalia.

Kosa la pili ni la wengi. Unapeleka laptopu ofisini, inajiunga na mtandao vizuri, halafu sehemu ya kidole inakuwa ya kijivu, haibonyezeki. Watu wanarudi dukani kugombana na muuzaji bure. Tangu toleo la 1607 la Windows 10, la mwaka 2016, mashini ikishaingia kwenye domeni, pini ya kawaida (namba fupi ya siri ya kufungulia mashini) inazimwa hadi msimamizi aiwashe, na bila pini Windows haikubali kidole. Kwa hiyo kabla ya kutoa dola, muulize fundi wa seva yenu swali moja: umeruhusu pini au Windows Hello for Business (njia ya Windows ya kuingia kwa kidole au pini, ile ya maofisi)? Akisema hajui unazungumzia nini, ahirisha ununuzi.

Kingine kinachowatisha watu: alama ya kidole haisafiri kwenda kwenye seva. Inabaki ndani ya laptopu, na kazi yake ni kufungua siri iliyohifadhiwa humo. Hiyo siri ndiyo inayozungumza na mtandao. Ndiyo maana ukishaingia mara ya kwanza seva ikiwa hewani, siku SNEL, shirika la umeme, inakata umeme na seva imelala, laptopu yenye betri bado inakufungulia kwa kidole. Mafaili ya seva hutayaona, lakini mashini imefunguka.

Sasa mpangilio wangu, kuanzia ninachonunua kwa pesa zangu.

Cha kwanza: laptopu ya okazioni ya daraja la ofisi (ThinkPad, Latitude, EliteBook) yenye kisomaji cha kugusa na prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi. Kizazi nakisisitiza kwa sababu Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya TPM 2.0 (ya kutunza siri za mashini) pamoja na prosesa iliyo kwenye orodha yake. Kwa Intel orodha hiyo inaanzia karibu yote kizazi cha 8. ThinkPad T480 ya 2018 ndiyo mlango wa bei nafuu. Lakini fungua macho: zipo T480 chache zilizotoka na prosesa ya kizazi cha 7, na kwenye T480 kisomaji kilikuwa cha hiari. Mashini mbili zinafanana kama mapacha, moja ina kile kimraba kando ya padi, nyingine ina plastiki tupu. Muuzaji atakuambia zote ni moja. Si moja.

Kwenye mashini iliyotumika kuna pia mabaki ya mwenyewe wa zamani. Baadhi ya visomaji vinahifadhi alama ndani ya chipu yake, kwa hiyo kusafisha diski na kuweka Windows mpya hakuzifuti. Unajaribu kusajili kidole, inakataa, unadhani kimekufa. Kwenye ThinkPad ingia BIOS (mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka), sehemu ya usalama, kuna mahali pa kufuta data za vidole. Na ikiwa BIOS ina nywila ya kampuni iliyoitumia zamani, usinunue, hata ikishushwa bei vipi.

Je, mtu anaweza kukidanganya kisomaji? Anaweza, akiwa na ujuzi na laptopu mkononi. Mwaka 2023 watafiti wa Blackwing Intelligence, kwa kazi waliyopewa na Microsoft yenyewe, walipita Windows Hello kwenye Dell Inspiron 15, ThinkPad ya aina ya T14 na Surface Pro X. Kwa ofisi ya watu kumi mjini hapa, mimi naogopa zaidi nywila iliyobandikwa kwa karatasi chini ya kibodi.

Cha pili: kisomaji kidogo cha USB, mfano VeriMark ya Kensington, ukichomeka kwenye laptopu ambayo tayari iko sawa. Kama mashini zenu ni nzuri na zinakosa kidole tu, hiki kinashinda kununua upya. Boksi liandikwe Windows Hello. Kile kinachokuja na programu yake ya kutunza nywila, kiache: mwaka 2018 Lenovo ililazimika kurekebisha Fingerprint Manager Pro yake ya Windows 7 na 8 kwa sababu ilikuwa na nywila ya kudumu iliyoandikwa ndani ya programu. Ikiwa kampuni kubwa iliteleza hivyo, ya boksi lisilo na jina itakuwaje? Pia baadhi ya laptopu mpya zenye ulinzi ulioimarishwa wa Windows 11 hukataa kisomaji cha nje. Na kinapotea; ni kidogo kama punje ya hindi.

Cha tatu: ufunguo wa usalama wenye kidole, kama YubiKey Bio. Ni mzuri sana kwa ofisi ambayo akaunti zake ziko kwenye wingu la Microsoft. Kama mna seva yenu tu pembeni ya jenereta, utakuwa umenunua pambo la funguo.

MacBook yenye Touch ID inasoma kidole vizuri kuliko zote nilizoshika, ila ikizimwa na kuwashwa inadai nywila kwanza, na kuiingiza kwenye mtandao wa Windows ni kazi ya mtu anayejua. Bosi akiitaka, mnunulie.

Ya mwisho ni zile za zamani za kuburuza kidole juu ya kamstari, kama ThinkPad T430. Bei yake ni rahisi, ndiyo. Wakati wa kiangazi, vumbi jekundu likiwa kila mahali na ngozi za vidole zimepasuka, utaburuza mara sita kisha uandike nywila. Hata kwenye kisomaji cha kugusa, sajili vidole viwili vya kila mkono, hasa kwa anayeshika sementi au kufua kwa mkono.

Na kile kidude cha ukutani cha kuandika nani amefika kazini? Hicho hakifungui kompyuta ya mtu, ingawa nimekuta mkurugenzi aliyekinunua akiamini hivyo.

Dukani, muuzaji atazigeuza noti zako moja moja kwenye mwanga, akirudisha yoyote iliyochanika kidogo pembeni. Nawe usione haya kumchelewesha. Mwombe aweke nywila kwenye akaunti, ufungue "Options de connexion" (mipangilio ya kuingia, Windows ikiwa ya Kifaransa), utengeneze pini, usajili kidole. Zima mashini kabisa, iwashe, gusa mara kumi. Ikikubali tisa, zungumza bei. Ikikubali sita, jaribu kwanza kupangusa kisomaji kwa kitambaa laini kikavu, kisha rudia. Usiponunua, futa kidole chako kabla hujatoka.