Kuhe wa Kilimani: Chakula Nimekisifu, Mgahawa Bado Nimeukasirikia

Nimewahi kulipa bili kubwa kuliko hii, na nimewahi kula chakula kibaya kwa bei ya juu zaidi, na mara zote hizo nilinyamaza nikaenda zangu. Kwa hiyo anayesoma asidhani kwamba yanayonisukuma kuandika ni uchungu wa pesa. Pesa nilijua zitaondoka tangu siku nilipoamua kuwapeleka wazazi wangu na mdogo wangu katika ule mgahawa wa kilimani, ambao hapa Kigoma hutajwa kila mtu anapotaka kumwonyesha mgeni kwamba hata sisi tunapo mahali pa namna hiyo. Jina lake sitalitaja, kwa sababu mji wetu ni mdogo na watu tunajuana, na pia kwa sababu mpishi wake, ambaye sijawahi kumwona kwa macho, hana kosa lolote katika habari hii. Kilichoniudhi ni maji ya kunawa mikono.

Mandhari sitayaeleza. Mtu yeyote aliyewahi kusimama juu ya kilima chochote cha mji huu jioni anajua jua linavyozama nyuma ya milima ya Kongo, na anajua kwamba hakuna anayelitoza. Vitambaa vya meza vilikuwa vyeupe, glasi zilikuwa nyembamba, na menyu ilikuwa na jalada la ngozi. Hayo yametosha.

Chakula, hata hivyo, nitakieleza kwa kirefu, kwa kuwa nisipofanya hivyo nitakuwa mwongo. Tuliagiza kuhe wa kuchoma. Wasio wa huku wafahamu kwamba kuhe ni samaki wa Tanganyika peke yake, hapatikani katika ziwa lingine lolote duniani, na mtu wa Ujiji au Katonga akimpata mkubwa hamwachii jirani kwa urahisi. Mimi nimekula kuhe tangu utotoni, wa kukaanga, wa kuchemsha kwa ndimu, wa kuungwa kwa nyanya, na nilidhani nimemaliza kumjua. Yule wa kilimani alikuwa amepakwa mawese mara kadhaa akiwa juu ya mkaa, kidogo kidogo, ili mafuta yasidondoke na kuwasha moto wa kumuunguza, mpaka ngozi ikawa nyekundu na kavu huku nyama ya ndani ikibaki nyeupe, yenye maji yake, ikiachana vipande vipande yenyewe. Mawese yenyewe hayakuwa na ule ukali wa kukwaruza koo unaotokana na mafuta yaliyokaa muda mrefu dukani. Yalikuwa mapya, na harufu yake ilikuwa ile ya siku ya kukamua. Pembeni paliwekwa dagaa wachache waliokaushwa na kusagwa na pilipili, wa kunyunyiza juu. Wazo hilo la dagaa sikuwahi kulifikiria, na tangu siku ile nimeligeza jikoni kwangu bila aibu. Pamoja na hayo yote ukaja ugali wa muhogo, laini, umeviringwa vidonge vidogo vidogo kwenye sahani nyeupe.

Hapo ndipo ilipoanzia.

Baba yangu ni mstaafu wa reli. Ni mtu wa maneno machache, aliyezoea kuvaa shati lililopigwa pasi hata akienda dukani kununua sukari, na siku ile alivaa koti. Alipoona sahani imefika alimgeukia kijana aliyekuwa akituhudumia, akamwambia kwa utaratibu kabisa: "Kijana wangu, naomba maji ya kunawa." Yule kijana alimjibu kwamba sinki ziko vyooni, nje, upande wa kushoto. Mzee akainuka na goti lake bovu, akashuka ngazi, akanawa, akapanda tena. Hadi hapo sikusema kitu. Alipokuwa amekwisha kukata tonge la kwanza na kulikandamiza, kijana yule alirudi, akainama kidogo kama mtu anayetoa siri, lakini kwa sauti iliyosikika hadi meza ya pili, akasema: "Mzee, hapa tunatumia uma na kisu. Hapa si kwa mama ntilie."

Baba alilirudisha tonge kwenye sahani. Mama ndiye aliyejibu, na alijibu kwa upole ambao mimi sikuwa nao: "Mwanangu, samaki ana miiba, na uma hauna macho." Kijana akatabasamu, akasema huo ndio utaratibu, akaondoka.

Naomba nieleweke ni nini hasa kiliombwa pale. Ugali wa muhogo si ugali wa mahindi. Unavutika na unanata. Ukiuchoma kwa uma unapanda na meno ya uma, ukiukata kwa kisu unabaki kwenye kisu, na anayeushindilia kwa vyombo hivyo hufanana na fundi anayejaribu kubandua lami kwenye kiatu. Chakula hicho kimetengenezwa kwa ajili ya vidole. Na samaki vilevile: mtu aliyekulia kando ya ziwa hutafuta mwiba kwa ncha za vidole kabla haujafika mdomoni, na ndivyo watoto wetu wanavyofundishwa, kwa sababu mwiba uliokwama kooni si jambo la mzaha. Mgahawa unaopika ugali wa muhogo na kuhe mzima, kisha ukamkataza mteja kutumia mkono, umemuuzia kufuli ukabaki na ufunguo. Mzee wangu aliuacha ugali wote. Alikula samaki kwa uma, taratibu, nusu yake tu.

Mdogo wangu, ambaye amesoma mambo ya hoteli, aliutetea ule mgahawa tukiwa njiani kurudi, akasema kwamba mahali pa hadhi huwa na kanuni zake duniani kote. Nilimjibu siku ile kwa hasira, lakini nimeendelea kulifikiri jambo hilo, na kadiri ninavyolifikiri ndivyo ninavyoona hoja yake inavyomgeukia mwenyewe. Kule Tokyo kuna mgahawa wa Jiro Ono, mdogo mno, wa viti vichache mbele ya kaunta, ambao ulipewa nyota tatu, daraja la juu kabisa, pale mwongozo wa migahawa wa Michelin ulipoutazama mji huo kwa mara ya kwanza mwaka 2007. Kinachouzwa pale ni sushi, na kula sushi kwa vidole ni desturi ya zamani ya Wajapani ambayo hakuna anayeitazama kama ushamba; anayetaka vijiti anavitumia, asiyetaka anaacha. Migahawa ya fahari ya Ulaya nayo, ikiuza kaa na kamba wenye magamba, huleta mezani bakuli dogo la maji yenye kipande cha limau ili mteja asafishe vidole vyake. Beseni na jagi tunavyoletewa hapa Mwanga na kijana wa kawaida kwenye banda la kawaida, pamoja na sabuni, vina kazi ileile, na kwa maoni yangu vinaifanya vizuri zaidi, kwa kuwa maji yanatiririka. Ni nani basi aliyewaambia hawa wetu wa kilimani kwamba hadhi huanza pale mkono unapofichwa?

Haohao Michelin, kwa kuwa nimewataja, ni kampuni ya matairi ya Ufaransa iliyoanza kutoa kitabu chake mwaka 1900 ili wenye magari wapate sababu ya kusafiri, na ikaanza kugawa nyota kwa migahawa mwaka 1926. Wakaguzi wake hushikilia kwamba nyota hutolewa kwa kilichomo kwenye sahani peke yake: ubora wa vitu vilivyotumika, ufundi, ladha zinavyopatana, mkono wa mpishi unavyojulikana, na chakula kuwa kilekile kila unaporudi. Viti havihesabiwi, wala vitambaa, wala adabu ya wahudumu. Kitabu hicho hakijafika Tanzania, lakini kingefika Kigoma na mkaguzi akaketi pale nilipoketi, naamini kwa dhati kwamba yule mpishi angepata nyota. Na hapo ndipo ninapoachana na Wafaransa. Sahani peke yake naweza kuitafuta Kibirizi asubuhi mitumbwi inaporudi. Ninapolipa mara nyingi zaidi ya hapo, tofauti ile ninalipia namna ya kupokewa, hususan namna ya kupokewa kwa baba yangu.

Juu ya bei yenyewe sitaki kuwa dhalimu. Sahani moja ya kuhe ilikaribia elfu hamsini, ugali ukahesabiwa mbali, na jumla yetu ilipita laki mbili. Zipo sauti mjini zinazosema huo ni wizi, nami sikubaliani nazo. Mwaka 2024, serikali ilipofunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wapate nafasi ya kuzaana, sote tulijifunza samaki mbichi ni kitu gani. Hata nje ya miezi ya namna hiyo, dagaa na migebuka huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu wavuvi wengi hupumzika, kwa hiyo mgahawa unaoahidi samaki safi kila jioni unabeba gharama ambayo mteja haioni. Mkaa umepanda. Mpishi wa kiwango kile, akiondoka leo, kesho anapata kazi Arusha au Unguja. Bei ile ilikuwa halali.

Isipokuwa mstari mmoja. Bili ilipokuja, chini ya vinywaji paliandikwa gharama ya huduma, asilimia 10. Niliusoma mstari ule nikarudia kuusoma. Kumbe yale maneno ya mama ntilie yalikuwa na bei, nayo ilikuwa imekwisha kupigiwa hesabu! Nikaomba kumwona msimamizi.

Alikuja dada mmoja mstaarabu sana, akasikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, akampa baba pole na shikamoo yake inavyostahili. Kisha akaniambia kwamba utaratibu wa uma ulikuwapo kwa sababu wageni wa kutoka nje "hujisikia vibaya". Nilitazama huku na huku. Meza zote zilizokuwa na watu zilikuwa na watu wa hapa, isipokuwa moja ya Wazungu wawili, na mmoja wao alikuwa akila chipsi kwa mkono. Nilimwonyesha. Dada yule alicheka licha ya nafsi yake, akaufuta ule mstari wa asilimia 10, na akatuletea nanasi la kuchomwa lililomiminiwa asali ya Tabora, bila malipo. Baba alilila lote. Nalo, lazima niseme, lilikuwa zuri mno, asali ikiwa na ule uchungu mdogo wa mbali wa asali ya miyombo.

Kwa hiyo nikiulizwa kama chakula cha bei ile kina thamani yake, jibu langu limekuwa likibadilika. Usiku ule ningesema hapana, na ningemzuia hata adui yangu asiende. Wiki iliyofuata nilijaribu njia ya kati, ambayo wengi mtaniuliza kama nimeifikiria: nilimtuma kijana wa bodaboda akanichukulie kuhe yuleyule, afungwe kwenye karatasi ya foili, tumle nyumbani kwa raha zetu na beseni letu. Alifika akiwa bado wa moto, lakini mvuke ulikuwa umeilainisha ngozi yote, na ule ukavu uliokuwa nusu ya utamu wake ulikuwa umepotea barabarani. Ugali ulikuwa umepoa ukawa jiwe. Tulipoza njaa tu. Ikabidi nikubali jambo nisilolipenda, kwamba samaki yule huliwa palepale anapotolewa mkaani, dakika ileile, na kwamba kile kilima ninachokichukia ni sehemu ya mapishi. Hilo limenikasirisha zaidi kuliko maneno ya yule kijana, kwa sababu sasa wananishika.

Na kinachonishangaza zaidi ni kwamba mwenye kuvunjiwa heshima hana kinyongo. Nilipokuwa nikiilaani ile nyumba mbele ya wazazi juzi, baba aliniacha nimalize, kisha akasema: "Samaki alikuwa mzuri, mwanangu. Tukienda tena, mimi nitanawa hapa nyumbani kabla ya kutoka." Mama akasema yeye atakwenda na jagi lake kwenye kikapu, tuone nani atamnyang'anya.

Sijakubali rasmi. Nimepiga simu tu kuuliza kama kuhe atakuwapo Jumamosi, nikaambiwa atakuwapo. Habari ya maji sikuiuliza, nataka niikute kulekule.