Verbatim M-DISC ya GB 100: nzuri kwa hifadhi ya kudumu, si kwa nakala za kila wiki

M-DISC ni diski ya Blu-ray ya kurekodia iliyotengenezwa ili idumu miaka mingi. Kipenyo chake ni kilekile cha sentimita 12 kama CD ya MB 700, ila diski hii inabeba karibu mara 140 ya CD hiyo. Siri ya kwanza ni leza. CD husomwa kwa mwanga wa nanomita 780, DVD 650, Blu-ray 405. Wimbi fupi likipitishwa kwenye lenzi inayokusanya mwanga zaidi hutua kwenye nukta ndogo, kwa hiyo mistari ya data imesogezwa kutoka mikromita 1.6 hadi 0.32. Hapo ndipo zilipopatikana GB 25 kwa tabaka. BDXL, aina ya Blu-ray yenye nafasi kubwa zaidi iliyotoka 2010, ikabana alama zaidi hadi GB 33 na ushei kwa tabaka, kisha ikapanga matabaka matatu. Ubora wa diski hii na usumbufu wake vyote vinaanzia kwenye matabaka hayo.

Draivu kwanza. Nembo ya Blu-ray peke yake haitoshi. Tafuta iliyoandikwa BDXL, la sivyo diski haitasomwa kabisa. Draivu nyembamba za USB hula umeme mwingi wakati wa kuchoma (kuandika data kwenye diski), na mlango wa USB 2 hutoa mA 500 tu. Chomeka kwenye USB 3 moja kwa moja, bila habu. Kompyuta ya mezani iwe kwenye UPS (betri ya dharura): diski huandikwa mara moja tu, umeme ukikatika katikati umeipoteza.

Windows itaonyesha GB 93. Hujapunjwa; mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows kwa 1,024. Jaza hadi GB 88 hivi, na nafasi inayobaki weka faili za par2 za kurekebishia data, pamoja na orodha ya SHA-256 (namba ya utambulisho inayobadilika faili likiharibika) ya kila faili. Kwenye programu ya kuchomea, chagua mfumo wa faili wa UDF 2.50 au 2.60. Kwa kasi ya 4x, yaani MB 18 kwa sekunde, diski iliyojaa huchukua kama saa moja na nusu. Kwa 2x, saa tatu. Kasi ikishuka nusu bila sababu, angalia kama umewasha udhibiti wa kasoro (defect management): draivu inaandika kisha inarudi kusoma ilichoandika.

Uchomaji ukikwama karibu na asilimia 33 au 67, hapo ndipo leza inapohamia tabaka jingine. Mara nyingi chanzo ni umeme dhaifu au uchafu kwenye uso wa diski. Data ya Blu-ray iko milimita 0.1 tu chini ya uso, wakati ya CD iko 1.2, kwa hiyo alama ya kidole ambayo CD ingeivumilia hapa inaharibu kazi. Shika kingo na tundu la kati. Ukimaliza, toa diski, irudishe, ndipo uhakiki SHA-256, ikiwezekana kwenye draivu nyingine.

Ahadi ya kudumu mamia ya miaka inatokana na majaribio ya joto na unyevu maabara, si umri ulioshuhudiwa. Hata hivyo, tabaka la kurekodia si rangi ya kikaboni kama ya DVD-R za kawaida, na hilo ni jambo la maana sana kwa anayehifadhi vitu pwani kwenye joto na unyevunyevu. Iweke kwenye kasha lake, isimame wima, mbali na jua.

Kwa kila GB, ni ghali kuliko diski ya GB 25 na ghali mno kuliko diski kuu ya kompyuta (hard disk). Nainunulia picha za familia, video za harusi zilizokwisha kuhaririwa na rekodi za sauti zisizo na nakala nyingine. Kwa mafaili yanayobadilika, hapana.

Panasonic iliacha kutengeneza diski za Blu-ray za kurekodia 2023, Sony ikafuata Februari 2025. Watengenezaji wanapungua, kwa hiyo ukiamua kutumia njia hii, nunua draivu mbili za BDXL sasa. Ya pili ijaribu, kisha iweke akiba.