Mafungo ya Kwaresima Moshi: mateso na toba vimefundishwa ipasavyo

Kwa Mkristo anayetafuta mahali pa kuitafakari toba yake kabla ya Pasaka, nayapendekeza kwa moyo wote mafungo ya mwisho wa juma yanayofanyika katika nyumba moja ya masista, upande wa juu wa mji wa Moshi.

Mhubiri hakuanza na dhambi. Alianza na mateso, maana wengi waliofika walikuwa wamebeba misiba, magonjwa na ndoa zilizovunjika, na baadhi yao walikuwa wamekwisha kuambiwa na jamaa zao kwamba wanalipwa kwa maovu yao. Alitusomea Luka sura ya 13, ambapo Yesu anawakumbuka watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, anakana kwamba walikuwa wakosefu kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu, kisha papo hapo anawataka wasikilizaji wake watubu. Mahubiri mengi niliyoyasikia hushika upande mmoja tu: mgonjwa hulaumiwa, au hufarijiwa asiambiwe neno lolote kuhusu maisha yake. Hapa pande zote mbili zilishikwa, na nililiona hilo kuwa jambo la thamani kuliko yote.

Jumamosi ilikuwa ya kimya, tukitafiti dhamiri kwa Zaburi ya 51. Jioni ikaja habari ya Zakayo, aliyeahidi kurudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu, na mhubiri akaileta mpaka vihambani, yaani kwenye mashamba ya ukoo ya Wachagga: shamba la mjane lililochukuliwa na shemeji zake, fedha za kikoba zilizofichwa, mpaka uliosogezwa usiku. Alikumbusha kwamba isale ndilo jani ambalo Mchagga hulipeleka anapoomba msamaha, na ndilo pia hupandwa kuonyesha mpaka. Basi anayelipeleka kwa jirani yake na alirudishe kwanza lile alilong'oa. Ukumbi mzima ulinyamaza, kwani kila mtu pale anaijua kesi ya namna hiyo katika ukoo wake.

Malazi ni ya kawaida na safi, na mtori wa asubuhi ni mzuri.

Kasoro ninayoiona kubwa ni upande wa kitubio. Waungamishi walikuwa wachache kwa umati ule, na kiti kimoja kiliwekwa karibu mno na mlango, ilhali mtu aliyekaa miaka mingi bila kuungama anahitaji muda na faragha ili aseme yote. Tena, hakuna mpango wowote wa kuwafuatilia watu baada ya Pasaka. Anayekusudia kuacha ulevi au nyumba ndogo hurudi Jumatatu kwa marafiki walewale na njia zilezile, kwa hiyo nawasihi masista wawapangie watu kama hao padre au mlezi wa kukutana naye kila mwezi, hata kama itabidi ada iongezwe kidogo.