Kivuko cha Kilambo, Ruvuma: hesabu mwezi kabla ya nauli

Kutoka Mtwara mjini hadi Kilambo ni takriban kilomita 40. Huduma ya kuvuka pale haipimwi kwa ubora wa chombo kwanza, inapimwa kwa maji. Ruvuma, mto wa mpaka kati ya Tanzania na Msumbiji, huku chini bado inasikia bahari: inajaa na kupwa, ila kwa kuchelewa kidogo kuliko pwani.

Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya Mtwara hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni. Kila siku yanachelewa kama dakika 50, hata yafike maji mafu (mwezi ukiwa nusu, maji yakijaa na kupwa kidogo), ambapo kujaa ni karibu na saa nne. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanaondoka mjini alfajiri ya bamvua ili wawahi, wanafika asubuhi maji yakizidi kupwa, kisha wanamlaumu nahodha. Pantoni, inapokuwa kazini, inahitaji kina cha maji kujaa ili ibebe gari. Mtumbwi wa injini huvuka karibu wakati wote, lakini maji yakipwa abiria atamalizia safari kwa miguu kwenye tope na mchanga.

Mchanga huo una asili yake. Mto unaanzia milima ya Matogoro karibu na Songea, unapokea Lugenda kutoka Msumbiji, na ukifika bondeni unatua mzigo wote. Kila masika mafungu ya mchanga yanahama. Livingstone aliingia hapa mwaka 1861 na meli ya Pioneer, akapanda kama kilomita 50 tu, akarudi kwa hofu ya kukwama maji yalipoanza kupungua. Kwa hiyo njia ya mwaka jana si njia ya mwaka huu, na nahodha mzuri utamjua kwa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo. Anausimamisha ndani ya maji kila baada ya hatua chache, anatazama ulivyolowa, anashika upande wa nje wa kona, kwa kuwa ndiko mkondo unakochimba. Anayenyoosha moja kwa moja kwenda ng'ambo ili aokoe petroli, msipande chombo chake.

Tazameni pia ukingo wa mtumbwi. Ukishapakia, ubaki juu ya maji angalau shubiri moja. Mizigo ikae katikati chini, watu waketi, kopo la kutolea maji liwepo. Jaketi la kuokolea maisha liombwe kabla ya kulipa. Bei nayo mkubaliane nchi kavu: ya kichwa au ya mtumbwi mzima, na mizigo imo au haimo. Mkikwama, abiria wa mbele warudi nyuma ili omo, yaani mbele ya chombo, iinuke, nahodha asukume kinyumenyume kwa upondo. Kuruka majini kusukuma ni hatari kubwa. Mto huu una mamba na viboko, na ndiyo sababu giza si wakati wa kuvuka.

Ng'ambo, upande wa Msumbiji, ni Namoto, njia ya kwenda mji wa Palma. Hali ya usalama ya Cabo Delgado, jimbo hilo la kaskazini mwa Msumbiji, imekuwa mbaya tangu 2017, basi uliza ofisi ya uhamiaji kabla ya kufunga safari. Na usishangae kusikia Kimakonde pande zote mbili: hata mpaka wenyewe mdomoni mwa mto ni mpya. Wajerumani walishika Kionga, eneo dogo kusini ya mto, mwaka 1894. Wareno waliichukua 1916.

Mwenye gari namshauri bila kusita aende Daraja la Umoja, Mtambaswala: mita 720, lilifunguliwa 2010, halingoji mwezi. Ni mbali, Mtwara hadi Masasi pekee ni kama kilomita 200. Kwa mwenye begi moja, mtumbwi wa Kilambo unafaa sana ukifuata maji. Viatu vivuliwe kabla ya kushuka, na hati ya kusafiria ikae kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, shingoni, si begini.