Seva ya Barua Pepe kwa Anayeanza: Usichague Kabla ya Kusoma Mwongozo

Mwezi uliopita nilimlipa fundi shilingi laki tatu na nusu aifungie ofisi yetu ya uwakala wa forodha, hapa Chumbageni, Tanga, seva yake ya barua pepe. Barua ziliingia vizuri, lakini kila tuliyomwandikia mteja wa Gmail ilirudi ikiwa na namba ya kosa 550-5.7.25, yaani anwani ya seva yetu haikuwa na rekodi ya PTR, hata nyaraka za mizigo tukawa tunazipeleka kwa bodaboda. Fundi hakupokea simu tena, nami nikabaki na miongozo ya programu za kuendeshea seva ya barua.

Sitalinganisha kasi wala mwonekano, kwa kuwa programu ninazozitaja hupakuliwa bure na zote hufanya kazi. Ninachopima ni kama mwongozo unamweleza mgeni mapema kwamba rekodi ya PTR, ile inayoonyesha anwani ya IP ni ya seva yenye jina gani, haiandikwi pale uliponunua kikoa (jina la tovuti na barua zako), bali huwekwa na kampuni inayokukodisha seva. Siku tatu mfululizo niliiandika kwenye paneli ya kikoa, nikahifadhi, nikasubiri, nikatuma tena, na barua zikarudi vilevile, kwa sababu mwenye mamlaka juu ya anwani ile hakuwa mimi. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanamtaka kila mtumaji awe na rekodi hiyo, pamoja na SPF au DKIM, rekodi zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwa mwenye kikoa kweli.

Naiweka Mail-in-a-Box mbele ya zote, na sifichi kwamba naipenda. Ukurasa wake wa ukaguzi hukuonyesha jina ambalo anwani yako inalo sasa na jina linalotakiwa, kisha hukuelekeza kwa kampuni ya seva. Hata poti 25, mlango ambao seva hutumiana barua, ikiwa imezibwa, unaambiwa. Inayofuata ni mailcow, ambayo ukurasa wake wa DNS, mfumo wa rekodi za majina ya mtandaoni, unaieleza PTR vizuri, ila inahitaji RAM ya gigabaiti 6 kwa uchache, na hapo ndipo mfuko unapoumia. iRedMail ina maelezo yote, lakini anayeanza huyafikia akiwa ameshasakinisha. Nyaraka za Postfix, programu ya Wietse Venema iliyotoka 1998, hueleza kila kipengele cha main.cf, faili lake la mipangilio, kwa usahihi ninaouheshimu, lakini zimeandikwa kwa mtu anayeijua DNS tayari. Anayeanza asianzie hapo.

Barua pepe inayotolewa pamoja na tovuti inamtosha mwenye anwani mbili tatu.

Wauzaji wa seva ndio walionikera zaidi. Bei wanazitaja kwa dola, poti 25 wanaifunga, na hayo unayajua ukiwa umeshalipa, ilhali sentensi moja kwenye ukurasa wa bei ingetosha. Mhudumu wa kampuni niliyokodi alinijibu baada ya siku nne, akaiweka PTR kwa muda usiozidi dakika moja, na saa tano asubuhi hiyo barua yetu ya kwanza ikapokelewa Gmail.