Hedifoni nne zilizofungwa: ya kwanza chumbani si ya kwanza njiani

Nitaanza na jibu, maana anayetafuta hedifoni ya kutembea nayo hana haja ya kuzungushwa. Kati ya nne nilizozilinganisha, yenye sauti safi kuliko zote ni Dan Clark Audio Aeon 2 Closed. Ile ninayoishika kila ninapotoka ni Focal Bathys. Bowers & Wilkins Px8 na Meze 99 Classics nazo zina watu wake, na moja kati ya hizo mbili naipenda kuliko ninavyoweza kuitetea. Kwamba majibu ni mawili na si moja ndiko kulikonifanya niandike. Hedifoni za safari hupimwa mno na mtu aliyekaa kitini, mlango umefungwa, kisha matokeo yakapewa abiria wa basi.

Kazi yangu ni kurekodi sauti, kwa hiyo sikutumia muziki wa watu wengine. Nilitumia rekodi zangu: kwaya ya sauti nne ndani ya ukumbi wa kuta za mawe, iliyonaswa kwa maikrofoni mbili tu; gitaa la besi lililochomekwa moja kwa moja kwenye mashine; na mwanamke anayesoma kwa sauti ya chini, mdomo karibu na maikrofoni. Najua ukumbi ule ulivyolia siku ile. Najua mwimbaji yupi alisimama wapi, na najua kwamba kabla ya ubeti wa pili kuna mtu upande wa kushoto anageuza karatasi. Hedifoni ikinidanganya naitambua mapema.

Kabla ya kulinganisha chochote nilisawazisha ukubwa wa sauti kwa mlio wa hezi 1000 na kipimo. Hili watu hulipuuza, na ndilo linaloharibu hukumu nyingi. Watafiti wawili wa usikivu, Fletcher na Munson, walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio la binadamu husikia besi hafifu sauti inapokuwa ndogo, na besi hiyo hujitokeza kadiri sauti inavyopanda. Hedifoni iliyopazwa kidogo tu kuliko mwenzake itaonekana tajiri zaidi, imejaa zaidi, hata kama haina sifa nyingine yoyote ya kuizidi. Ukienda kujaribu hedifoni mbili dukani bila kusawazisha, unachochagua ni ile yenye kelele zaidi.

Hedifoni iliyofungwa huzaliwa na tatizo lake. Utando wa spika unaposukuma hewa kuelekea sikioni, unasukuma pia kuelekea nyuma. Kwenye hedifoni ya wazi hewa hiyo ya nyuma hutoka nje ikaishia huko. Kwenye iliyofungwa hugonga ukuta wa kikombe, ikarudi, ikaingia ndani ya muziki kwa kuchelewa kidogo. Ndiyo sababu mwimbaji kwenye hedifoni nyingi za aina hii husikika kama anaimbia ndani ya debe. Kazi kubwa ya mhandisi ni kuumeza mrudio huo: sufi, kuta zilizopinda, vitundu vya kupumulia. Dan Clark, mtengenezaji wa Aeon 2, alikwenda mbali zaidi kwenye hedifoni yake nyingine, Stealth ya mwaka 2021, akaweka mbele ya utando kipande chenye vijia vidogo vidogo vinavyonyonya mawimbi yanayogongana. Aeon 2 haina kipande hicho, lakini ni ya mikono ileile, na inasikika hivyo.

Kikombe chake kina umbo la tone la maji, ngozi ya sikio haigusi popote, na spika yake ni ya planari: badala ya koni inayosukumwa katikati, kuna utando mwembamba bapa wenye njia za umeme, umetandazwa kwenye uga wa sumaku na kusukumwa kote kwa pamoja. Nilipoweka kwaya, ile karatasi haikuwa "kelele ya kushoto". Nilisikia kidole kinaitafuta kona ya ukurasa, kisha ukurasa wenyewe, kisha waimbaji wakivuta pumzi, sauti za juu kabla ya zile za chini. Mwangwi wa ukuta wa nyuma ulikufa taratibu, kwa muda uleule ninaoukumbuka. Besi inashuka moja kwa moja hadi noti ya chini kabisa ya gitaa la nyuzi nne, hezi 41, bila kuyumba na bila kuvimba. Nitasema pia upungufu wake: besi hiyo imenyooka lakini haina nyama. Utafiti wa Sean Olive na Todd Welti wa Harman, kampuni ya vifaa vya sauti, uliotoka mwaka 2013, uliwakuta wasikilizaji wengi wakipendelea besi iliyonyanyuliwa kidogo, kama inavyosikika kutoka kwa spika nzuri ndani ya chumba. Aeon 2 haifiki hapo, na ukisikiliza kwa sauti ndogo upungufu huo huonekana wazi. Vipande laini vya kuweka ndani ya kikombe, ambavyo huja nayo, hutuliza sauti za juu. Besi haviiongezi kitu.

Halafu kuna suala la umeme. Aeon 2 ina ukinzani wa omu 13 tu, na mwenye kuangalia namba hiyo peke yake atadhani simu itaiendesha bila shida. Haiendeshi. Spika za planari za namna hii hula mkondo, na simu ikilazimishwa hutoa sauti iliyopauka, ngoma zinapigwa bila kugonga. Inajikunja vizuri, inaingia kwenye kifuko chake, lakini lazima utembee na amplifaya ndogo pembeni, na waya mbili. Hedifoni ya kutembea inayohitaji mwenzake wa kutembea naye kwangu ni nusu tu ya safari.

Sasa kuziba. Hapa ndipo hedifoni za aina hii hufaulu au huanguka, na karatasi za sifa hazisemi neno. Besi ya hedifoni iliyofungwa inategemea hewa iliyonaswa kati ya spika na sikio. Pakipatikana upenyo, sauti za chini hutoroka kwanza. Mimi navaa miwani yenye mikono minene, na kila mkono wa miwani ni mlango uliofunguliwa chini ya mto wa hedifoni. Jaribio ni rahisi, na naomba kila mnunuzi alifanye: weka noti ndefu ya besi, kisha bonyeza vikombe taratibu kwa vidole viwili. Besi ikiongezeka, ulikuwa unavujisha. Ikibaki ilivyo, umezibwa.

Meze 99 Classics iliniumiza hapo. Ile yangu ni ya zamani, yenye mito midogo, na kila nikibonyeza, mzigo mzima wa chini hurudi. Nikiachia, nusu yake hupotea. Nikivua miwani, ni hedifoni nyingine kabisa. Na hiyo nyingine ndiyo ninayoipenda. Ilitoka Romania mwaka 2015, vikombe vyake ni mbao za mjozi, uzito wake gramu 260, omu 32, na simu yoyote inaiendesha bila kutoka jasho. Sauti yake imevimba pale ambapo besi inakutana na sauti za kiume, kwa hiyo kwenye kwaya yangu waimbaji wa besi walisogea hatua mbele ya wenzao. Si kweli. Hawakusimama hapo. Lakini msomaji wangu wa kike alisikika na kifua, mwenye mwili, na s zake hazikuchoma. Ukiigonga mbao kwa ukucha wakati muziki umesimama unasikia mlio wake mfupi, na mlio huohuo uko ndani ya kila wimbo, kwa mbali. Mwenye kutafuta ukweli wa rekodi ataikataa. Mwenye kutaka kukaa na muziki hadi usiku hatachoka.

Px8 nitaipita haraka. Ilitoka 2022, ngozi yake laini na mikono yake ya aluminiamu ni kazi ya heshima, spika za kaboni za milimita 40 zimeinamishwa kufuata pembe ya sikio, na kwa kushikika mkononi hakuna inayoifikia hapa. Kwa sauti, besi ni nzito mno kwangu na inapanda hadi kwenye koo la mwimbaji wa kiume, kisha sauti za juu zimenolewa ili kufidia. Gitaa la besi lilipendeza sana. Kwaya ilisikika kubwa, lakini mstari wa sauti ya pili ulizama, na huo ndio mstari ambao mwalimu wa kwaya husumbukia kuliko yote.

Bathys, ya mwaka huohuo wa 2022, hutengenezwa Ufaransa. Spika zake ni kuba za aluminiamu na magnesiamu zenye umbo la herufi M, umbo ambalo Focal huliweka pia kwenye hedifoni zao kubwa za nyumbani. Ukiisikiliza kwa Bluetooth ni hedifoni nzuri sana isiyo na waya. Ukiichomeka kwa waya wa USB na kusukuma swichi hadi DAC, yaani kigeuzi cha data kuwa sauti kilichomo ndani yake, inajigeuzia data yenyewe hadi biti 24 na kilohezi 192, na hapo ndipo nilipoacha kuandika nikasikiliza tu. Karatasi ilirudi. Si kwa undani wa Aeon, kile kidole kinachotafuta kona sikukisikia, lakini ukurasa ulikuwa mahali pake na ukumbi ulikuwa na urefu. Besi imenyanyuliwa kiasi ambacho mimi ningekinyanyua kwa mkono wangu. Kasoro yake ni mng'aro wa sauti za juu: msomaji wangu alipopita kwenye maneno yenye s nyingi nilitamani kushusha kitu. Ikwalaiza iliyo kwenye programu yao huishusha, na niliiacha imeshushwa.

Nikatoka nje na zote nne. Kelele za injini, za matairi na za ndege zimejaa sauti za chini, na kelele ya chini huifunika besi ya muziki kabla ya kugusa kitu kingine. Aeon 2 ilikuwa ya kwanza kuumia. Ile besi yake iliyonyooka, isiyo na cha ziada, ilimezwa na injini, na kilichobaki kilikuwa nusu ya juu ya kwaya ikielea bila sakafu. Nikapaza sauti ili kuirudisha, na kupaza huko ndiko kunakoharibu masikio. Kwa Meze mambo yaligeuka: uvimbe ulioniudhi chumbani ukafidia kile ambacho barabara ilikuwa inakula, na kwa mara ya kwanza waimbaji wa besi wakarudi kwenye mstari wao. Ni usawa wa bahati, unaoharibika gari likisimama, lakini ni usawa.

Bathys na Px8 hazikuhitaji bahati, kwa sababu zinazima kelele. Maikrofoni zilizo nje na ndani ya kikombe husikiliza, kisha spika hutoa wimbi la kinyume, na kazi hiyo hufanyika vizuri zaidi kwenye sauti za chini, palepale ambapo injini inakaa. Kuna faida nyingine isiyosemwa sana: maikrofoni ya ndani inasikia pia besi inayovuja kwenye miwani yangu, na saketi inaisukuma irudi. Jaribio la vidole viwili kwenye Bathys halikubadilisha karibu chochote. Kuzima kwake kelele si kwa nguvu kama nilivyosikia kwenye hedifoni nyingine za bei ndogo zaidi, sauti za watu bado zinapita, lakini muziki ulibaki na sura ileile ndani na nje. Kwa mtu anayesafiri akiwa na miwani, hilo kwangu ni kubwa kuliko kidole kwenye kona ya karatasi.

Bathys ina gramu 350, Px8 320, na tofauti hiyo shingo huijua safari ikiwa ndefu. Betri ya Bathys inatajwa kuwa ya saa 30 kwa Bluetooth, na matumizi yangu hayapingani na hilo.

Lakini ikiisha, imeisha. Bathys haitoi sauti bila chaji, hata ukiichomeka waya wa kawaida; Px8 vilevile. Aeon 2 na Meze zitalia mradi kuna waya na kitu cha kuichomeka, na Meze imeunganishwa bila gundi, kila kipande kinafunguliwa na kubadilishwa, kwa hiyo mito yangu midogo nitaitoa na kuweka mikubwa inayopita juu ya mikono ya miwani. Focal wakitoa Bathys inayolia kwa waya hata ikiwa imezimwa, ile niliyo nayo naiuza siku hiyohiyo.